Simu ya Eda

Nasema mapema ili mtu asinitafutie maneno baadaye: mimi simnunulii mjane simu. Majuzi nilikuwa kwenye tanzia Konde, nyumba imejaa wanawake wa rika langu, na kila mmoja ana simu yake mapajani. Mfiwa mwenyewe amekaa chumba cha ndani, macho mekundu, bado hajui yuko wapi. Mmoja wetu akapitisha mkoba, akanong'ona kwamba tumchangie simu nzuri, imliwaze, maana eda ni ndefu na hana wa kuzungumza naye. Wenzangu wakaona ni fikra ya huruma. Mimi nikainuka nikatafuta viatu vyangu mlangoni, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema, "Huyu ana roho ngumu, hata kwenye msiba!" Sikugeuka. Waseme. Hana wa kuzungumza naye, na nyinyi mmejaa nyumba nzima! Kama hamna la kumwambia, kaeni naye kimya. Kukaa kimya na mtu hakuhitaji chaji.

Nyinyi wa umri wangu mnakumbuka simu za kupangusa zilivyoingia vijijini. Kwetu Pemba, upande wa pwani ukitoka Konde, wakubwa walikubaliana haraka kuwa huo ni ugonjwa wa vijana. Vijana wakakemewa msikitini, wakakemewa barazani, wakanyang'anywa simu na baba zao. Mpaka leo hali ni hiyo hiyo. Wanakuja mabwana na mabibi na mabango yao, wanatukalisha kwenye viti vya plastiki, wanazungumza juu ya uraibu wa mtandao, na picha iliyo kwenye bango ni ya kijana aliyevaa kofia kinyumenyume. Mimi huuma meno. Sijaona bango lenye picha ya mwanamke aliyejitanda mtandio mweupe, kichwa kimeinama chumbani kwake, na majirani wanapita dirishani wakisema mashaallah. Huyo ndiye ninayemjua mimi. Huyo alikuwa mama yangu.

Mama, jina lake Raya, alikuwa mkulima wa mwani. Shamba lake la baharini lilipakana na la Bi Mize, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na wakati wa bamvua, maji yanapokupwa yakaenda mbali, walitoka pamoja na mafungu ya kamba kichwani, wakafunga vitawi vya mwani kimoja kimoja, maji magotini. Mikono ya mama ilikuwa na mipasuko ya chumvi isiyopona. Akinishika shavu ilikwaruza, na mimi nilipenda. Alikuwa na kicheko kikubwa, kikubwa kupita kinavyofaa kwa mwanamke wa kwetu, na sisi watoto tuliokuwa tukiokota kombe ufukweni tuliweza kukisikia kutoka kule kwenye vigingi walikofungia kamba. Mwani unaoanikwa una harufu yake, ya chumvi na ya kitu kilichoanza kuoza, na watu wa mjini hupita wameziba pua. Kwangu mimi hiyo ilikuwa harufu ya mama.

Kisha baba akaanguka kutoka mkarafuuni. Tawi lilikatika, ndivyo walivyosema wanaume waliomleta, na mimi nakumbuka tu kwamba uso wake ulikuwa umefunikwa kwa kanzu ya mtu mwingine.

Mama akaingizwa chumba cha ndani, akaanza eda yake, miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hapaki wanja wala hina, hajifukizi udi, havai nguo ya maua. Bi Mize ndiye aliyenieleza haya, akinisuka nywele nyuma ya nyumba siku ambazo mama hakuweza hata kushika kitana. "Mamaako yumo edani," aliniambia. "Ikisha atatoka, atakoga, atavaa nguo mpya, na hizi za eda zitatolewa sadaka. Weye subiri tu." Nikasubiri. Nilikuwa mtoto mwenye subira sana, kwa kuwa niliambiwa kitu kina mwanzo na kina mwisho.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Mkoani na mkoba wake. Akautoa mzigo akaupanga kitandani mbele ya mama: nguo mbili nyeupe, mtandio mweupe, sabuni isiyonukia, na simu mpya ya kupangusa, bado imo ndani ya boksi.

"Vyote hivi vya eda, wifi yangu," alisema. "Na hii ya kukupotezea mawazo. Nshakutia kwenye grupu la wajane wenzako. Wamo wa Bara, wamo wa Unguja, wamo walioko Arabuni. Utaliwazika."

Mama aliishika ile simu kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe amshikie. Shangazi akamwonesha pa kubonyeza, akamwonesha pa kupangusa, akala chakula cha mchana, akapanda gari akarudi kwake na dhamiri safi. Sijawahi kumsamehe, na kila akija kwangu Idi namkaribisha chai namtilia sukari kidogo kuliko anavyopenda.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni wakati anapanga vile vitu, nikaelewa kwa namna nilivyoelewa. Nguo za eda, mtandio wa eda, sabuni ya eda, simu ya eda. Chuoni, tulikokwenda kusoma Kurani kila jioni, nikawatangazia wenzangu kwamba mama yangu kapewa simu ya eda. Binti wa ustadhi akanibishia.

"Bibi yangu alikaa eda, na hakupewa simu."

"Kwa sababu yeye mzee," nikamjibu. "Wazee wanapewa tasbihi."

Wakanikubali. Kwa muda mrefu watoto wa kijiji kizima waliamini kwamba mwanamke akifiwa na mume, dini inataka apewe simu.

Na lazima niseme kweli, mwanzoni ilimsaidia. Watu walikuwa wengi siku za matanga, wakapungua, na arobaini ilipopita ukawa unaweza kusikia kuku wakitembea uani. Mama alikuwa hapati usingizi. Nilikuwa nikimkuta alfajiri ameketi vile vile, mgongo ukutani, amekodoa macho. Halafu siku moja nimerudi skuli nikamsikia anacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu, cha puani, lakini nilidondosha mkoba nikakimbilia chumbani.

"Sikiliza huyu, mwanangu," akaniambia, ameisogeza simu sikioni kwangu. "Wa Tanga huyu. Mumewe kafa mwaka jana, na bado ana mizaha!"

Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaniambia kitu kuhusu mkwe wake na kuku. Sikukielewa, lakini nikacheka sana ili mama aendelee. Nikaibusu ile simu. Ndiyo, niliibusu. Ilikuwa ya moto, inanuka plastiki na mafuta ya nazi ya vidole vyake.

Sijui ni lini hasa dawa iligeuka ikawa maradhi, na wataalamu wenye mabango nao hawajui, ingawa wana maneno ya kitaalamu ya kuficha kwamba hawajui. Ninachojua ni kwamba mama alianza kuwa na sauti mbili. Kwangu mimi alikuwa akisema "mm" na "tia chumvi" na "baadaye". Kwenye simu alikuwa akisema Kiswahili cha redioni, kilichonyooka, ambacho sikuwahi kumsikia nacho hata siku aliyokwenda ofisi ya wilaya. "Wapendwa wangu," alikuwa akisema, kidole gumba kimebana kioo, "leo nataka niwape neno moja la subira." Huko walimwita Mama Subira. Waliokuwa wamefiwa jana waliletwa kwake awatulize. Aliwauliza wamekula nini, wamelala vipi, watoto wao wakoje. Mimi nilikuwa jikoni, napika muhogo kwa mara ya kwanza peke yangu, moshi umenijaa machoni, namsikia mama yangu akimuuliza mtu wa Mombasa kama watoto wake wamekula.

Nikadhani ndivyo eda ilivyo. Nikadhani Mungu amemtaka mama awafariji wajane wote wa dunia kwa muda ule, halafu atamrudisha. Sikuwa na hasira wakati ule. Hasira nimeipata ukubwani na sina haja ya kuificha.

Majirani walikuwa wakipita dirishani na wanaona mwanamke amejitanda, kichwa kimeinama, midomo inacheza. Wakasema anavuta uradi. Mashaallah, Raya hatoki hata uani. Raya hachungulii barabarani kama wajane wengine. Mkewe ustadhi alikuja na kundi lake kumtazama, mama akaificha simu chini ya mto, akawajibu kwa sauti ya chini, macho yanaukimbilia ule mto. Wao wakaona ana haya. Wakaona uchamungu. Walipotoka uani nikamsikia mkewe ustadhi akiwaambia wenziwe, "Wajane wa siku hizi mguu nje mguu ndani. Yule kakaa eda. Kakaa hasa!" Na mikono ya mama, kwa kutogusa maji ya chumvi, ilikuwa imepona ikawa laini kama ya bibi harusi, na hilo pia likasifiwa.

Hapo ndipo ninapowachukia watu wazima wa kijiji changu, kwa jumla, bila ya kuchagua. Kijana akiinamia simu, ni muhuni. Mjane akiinamia simu, ni walii. Hakuna aliyetaka kuinua mto.

Ikafika siku ya kutoka eda. Wanawake walijaa tangu asubuhi. Mama akakogeshwa, akavishwa dera la buluu, akafukizwa udi mpaka chumba kikawa cheupe, akapachikwa asumini, akapakwa wanja. Kukaletwa halua na kahawa. Zile nguo nyeupe zikakunjwa zikatiwa kwenye mfuko wa sadaka, na mtandio, na hata kipande cha sabuni kilichobaki. Mimi nilikuwa nimeketi mbele kabisa, nimevaa gauni langu la Idi, nautazama ule mfuko. Nilimwona Bi Mize akiufunga fundo.

"Bado simu!" nikasema.

Wakageuka wote.

"Simu ya nini, mwanangu?" akauliza mkewe ustadhi.

"Simu ya eda. Si eda ishakwisha? Itoeni sadaka na hiyo."

Kilipigwa kicheko mpaka mwengine kahawa ikamtoka puani. "Mtoto huyu ana maneno!" wakasema. Mama hakucheka. Alikuwa ameifunga simu pindoni mwa kanga aliyojifunga juu ya dera, na nilipoitaja mkono wake ulikwenda pale pale, kama mtu anavyoshika tumbo kitoto kikicheza. Bi Mize peke yake aliuona mkono ule. Nilimwona akiuona.

Baada ya hapo nikangoja bahari. Bi Mize alikuja bamvua ya kwanza na kamba zake begani. "Hodi, Raya. Maji yanatoka." Mama akasema kichwa kinamuuma. Alikuja bamvua ya pili, mama akasema kesho. Vigingi vyake vikaanza kuanguka, kamba zikajaa majani ya baharini yasiyo na kazi, na mwani wake uliobaki Bi Mize aliuvuna yeye akatuletea sisi fungu letu. Watu walipouliza kwa nini Raya hatoki, jibu lilikuwa tayari: bado ana huzuni, alimpenda mumewe, mapenzi kama yale siku hizi hayapo. Nilikwenda kwa ustadhi mwenyewe, baada ya somo, wenzangu wameshatoka.

"Ustadhi, mtu akishatoka eda anaweza kurudi?"

"Kwa nini waniuliza hivyo?"

"Mama hatoki."

Ustadhi akanishika kichwa, akatabasamu kwa huruma. "Mamaako ana wafaa, ana uaminifu, kwa marehemu babaako. Muombee dua." Akanipa kifuko cha tende nimpelekee. Mama alizila zote huku anapangusa kioo, na hakuniuliza zimetoka wapi.

Bi Mize hakuwa mtu wa kubembeleza. Siku moja mchana aliingia bila ya hodi, akasimama mbele ya mama, na mimi nikiwa nyuma yake nimeshika ncha ya kanga yake.

"Raya, miye nauliza. Kesho yako hiyo ni kesho ipi?"

"Niwache, Bi Mize."

"Sikuwachi. Una mwana huyu. Anapika yeye, anafua yeye, kakonda kama samaki ng'onda. Na weye umo humo ndani ya kioo na watu usowajua hata sura zao."

Mama akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwona amekasirika, na nilifurahi, kwa sababu hasira ile ilikuwa ya Kipemba, ilikuwa yake.

"Usowajua?" akasema. "Nyie mnonijua mlikuja, mkala pilau, mkenda zenu. Arobaini ilipopita nani kagonga mlango huu? Weye ulikuja, sikatai. Ukakaa hapo ukanambia mwani umepanda bei, mwani umeshuka bei. Kuna hata siku moja uloniuliza nnalala vipi?"

"Sikujua kuuliza," akasema Bi Mize.

"Basi humu wanajua."

Bi Mize alitoka akijifuta uso kwa upindo wa kanga, nami nikabaki mkono mtupu, ncha ya kanga yake imenichomoka. Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kutua mpaka leo, kwa sababu alichosema mama kilikuwa kweli. Walikuwa hawajamuuliza. Sisi watu wa kwetu tunajua kuosha maiti, tunajua kuchimba kaburi, tunajua kupika sufuria la watu mia, na tukishamaliza kuosha masufuria tunaona tumemaliza na mfiwa pia. Pengo lile lingeingiwa na chochote. Likaingiwa na simu, na simu ikikaa haihami.

Mwaka huo nilihitimu msahafu. Kwa desturi ya chuo chetu, mtoto anapohitimu, mama yake ndiye anayemshikia msahafu mbele ya watu wakati anasoma sura za mwisho. Akishamaliza, mama humwekea mkono kichwani, ustadhi akaleta dua, na masinia ya chakula yakaingia. Nilikuwa nimesoma kwa kasi kuliko wenzangu wote, na sababu yake si utakatifu. Niliona kwamba hapo ni pahala pamoja ambapo mama hawezi kukosa. Haiwezekani. Mama wa nani amewahi kukosa?

Nilimwambia wiki nzima. Akaahidi. Asubuhi ile alinivisha mwenyewe, akanifunga ushungi mweupe, akanisimamisha penye mwanga wa mlango. "Simama hivyo hivyo," akasema, akanipiga picha. "Tangulia, mwanangu. Nakuja nyuma yako."

Nikatangulia. Watu wakajaa, masinia yakapangwa kwenye mkeka, ustadhi akatazama mlango, nami nikatazama mlango. Tukangoja mpaka chai ikapoa. Ustadhi akakohoa. Ndipo Bi Mize, aliyekuwa nyuma kabisa na wanawake wa mwani, akainuka, akapita katikati ya watu, akakaa mbele yangu akaushika msahafu. Alikuwa ametoka baharini moja kwa moja, kanga yake imelowa pindoni. Mikono yake ilikuwa na mipasuko ya chumvi, na nilisoma nikiifuatisha ile mistari katikati ya vidole vyake. Alipoweka kiganja chake kichwani kwangu, wanawake wengine walilia. Mimi sikulia. Nilikuwa bado natazama mlango.

Nilirudi nyumbani mbio, nimejaa maneno ya kumwambia. Nilimkuta amekaa pale pale, uso unang'aa kwa furaha.

"Njoo, njoo mwanangu! Wanakungoja."

Nikatazama chumba kizima kutafuta wageni. Hapakuwa na mtu. Akanivuta karibu, akaisogeza simu mdomoni kwangu. "Wote wameiona picha yako. Wamefurahi hao! Wasomee. Soma kama ulivyosoma kule."

Yeye kule hakuwepo. Alijuaje nilivyosoma? Lakini nilikuwa mtoto, na alikuwa amenishika bega, na alikuwa hajanishika bega kwa muda mrefu. Nikasoma.

"Rudia," akasema nilipomaliza. "Sauti ya jogoo imeingia."

Nikarudia. Akaipeleka. Kisha majibu yakaanza kuingia, moja juu ya moja, na mama akaweka mkono kifuani, machozi yakamtoka. "Wanalia, mwanangu! Wa Mombasa kalia! Wa Arabuni kasema una sauti ya peponi!" Mama yangu alikuwa akilia kwa furaha kwa sababu mtu asiyenijua amenisikia, na njia ya kwenda chuoni haizidi mwendo wa kuchemsha chai. Nikachukua juzuu yangu na nguo zangu za kushindia, nikazunguka ukuta nikaenda kwa Bi Mize.

"Nimekuja kukaa," nikamwambia.

"Kaa," akasema, akanisogezea kibao.

Nikakaa. Kutoka jikoni kwa Bi Mize nilikuwa nauona mlango wetu wa uani, na sikuondoa macho. Nilijua atakuja. Bi Mize alimpelekea sahani ya chakula kila mchana, akirudi namuuliza, "Kasemaje?" Anajibu, "Kasema asante." Niliuliza kila siku na kila siku jibu lilikuwa hilo. Nikawa nakwenda na Bi Mize baharini maji yakitoka, nashikilia kamba yeye afunge, na tukirudi naangalia kwanza ule mlango kama umefunguka. Nilijua na nitakalomwambia siku akija. Nilikuwa nimeliandaa, fupi, ili asichoke kunisikiliza: "Mama, twende nyumbani, nitapika mimi."

Akaja jioni moja baada ya alasiri. Walioanza kumwona ni watoto, wakapiga kelele. Nikatoka mbio mpaka kizingitini kwa Bi Mize. Mama alikuwa ametoka. Amevaa buibui, anashika ukuta kwa mkono mmoja, amefinya macho kwa jua kama mtu aliyetoka kisimani. Wanawake waliokuwa bombani wakaacha ndoo zikafurika. "Raya huyo! Raya katoka!" Mmoja akapiga kigelegele, mwengine akampokea. Bi Mize akaiangusha kamba aliyokuwa anaisokota. "Alhamdulillahi," akasema.

Mama akafika mbele ya kizingiti, anahema. Akatabasamu.

"Mwanangu."

"Mama," nikasema. "Mama, twende..."

"Wanakuuliza."

"Nani?"

"Wenzangu. Kila siku wanakuuliza, yule mtoto mwenye sauti yu wapi, kwa nini hatusomei tena. Nimewaahidi leo utawasomea." Mkono wake ulikuwa umeshatoka ndani ya buibui, simu imenyooshwa mbele ya uso wangu, kidole kimebana. "Anza, anza, inahesabu."

Nyuma yake wanawake walikuwa bado wanapiga vigelegele. Nilimtazama, nikangoja anitazame. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, yanafuata zile namba za sekunde zinavyopanda. Nikamwambia Bi Mize afunge mlango. Bi Mize hakuweza. Nikaufunga mwenyewe, na kitu pekee walichopelekewa siku ile, wa Bara na wa Unguja na wa Arabuni, ni mlio wa komeo.